Mbele ya kiwanda kufika, tuulize: kipande kizito kuliko vyote kina tani ngapi?

Huku mashariki mwa inchi yetu, ahadi za viwanda hazikosekani. Leo ni kiwanda cha kusafisha gazi ya Ziwa Kivu, kesho ni cha maziwa, keshokutwa ni cha bia ao cha simenti. Wakubwa wanaweka jiwe la musingi, watu wanapiga makofi, picha zinapigwa. Nyuma ya miaka mitatu, mine, jiwe lingali pale pale na majani yameota pembeni.

Sababu tunazozijua ni tatu: vita, feza na rushwa. Zote ni za kweli. Lakini kuna ya ine yenye haisemwi sana kwenye mikutano, na injinyeri yeyote anaijua: mashine kubwa ya kiwanda haiwezi kupita mahali daraja haliwezi kuibeba. Hata feza ikiwa tayari, hata amani ikirudi, mashine ya tani 60 haitavuka daraja la tani 30.

Ili tuelewe vizuri, tuchukue mashine moja tu kama mufano, yenye iko karibu ndani ya kila kiwanda: ile ya kubadilishana joto. Mafundi wa kwetu wanaiita eshanjeri.

Eshanjeri ni kitu gani?

Kila mutu mwenye gari anajua radiatere. Maji ya moto yanatoka kwenye injini, yanapita ndani ya vifereji vyembamba, upepo unapita inje, na joto linatoka. Maji na upepo havichanganyike hata kidogo. Mama naye anafanya vile vile akitia sufuria ya uji wa moto ndani ya beseni ya maji baridi: joto linahama, uji unabaki uji.

Eshanjeri ya kiwanda inafanya kazi hiyo hiyo, lakini kwa ukubwa mwingine. Kwenye kiwanda cha bia inapoza ule uji wa nafaka mbele ya kutia chachu. Kwenye kiwanda cha maziwa inapasha maziwa moto ili kuua vijidudu, kisha inayapoza. Kwenye kituo cha umeme inapoza mafuta ya mashine. Kwenye petroli na gazi inapasha ao inapoza kila kitu chenye kupita. Bila eshanjeri, kiwanda kinasimama kama gari lenye radiatere iliyotoboka.

Ile ya kawaida zaidi kwenye viwanda vizito ni pipa refu la chuma lililojaa mamia, mara ingine maelfu, ya vifereji. Kitu kimoja kinapita ndani ya vifereji, kingine kinapita inje yao, ndani ya pipa. Matata ya uzito yanaanzia hapo.

Kwa nini uzito unapanda haraka?

Pipa lenye kubeba nguvu ya gazi ao ya muvuke linahitaji ukuta munene. Na sheria ya chuma haina huruma: ukiongeza upana wa pipa mara mbili, na nguvu ya ndani ikabaki ile ile, unene wa ukuta nao unapaswa kuongezeka mara mbili. Pipa la upana wa mita 1 lenye ukuta wa milimita 10, likifika mita 2 linaomba milimita 20. Mviringo umekuwa mara mbili, ukuta mara mbili: kwa urefu ule ule, uzito wa pipa unakuwa mara ine. Na ndani yake vifereji navyo vinakuwa mara ine.

Kwa hiyo mashine yenye kuonekana kubwa kidogo tu kwa macho inaweza kutoka tani 12 ikafika tani 48. Ya kwanza inapanda juu ya kamyo ya kawaida. Ya pili inaomba gari la pekee, ruhusa ya pekee, na daraja la pekee.

Tena barabara haiko mupaka pekee. Kuna mupaka mwingine wenye watu wa inje ya kazi hawaufikirie: kusafisha. Maji yetu yana chokaa na matope, na vifereji vinaziba sawa vile sufuria ya kuchemshia maji inavyoshika ukoko mweupe. Siku ya kusafisha, mafundi wanavuta bunda lote la vifereji inje ya pipa. Kama vifereji vina mita 6, ambao ni urefu wa kawaida sana ulimwenguni, basi mbele ya mashine panahitajika uwanja mutupu wa zaidi ya mita 6. Na kama bunda lina tani 20, panahitajika mashine ya kulivuta na gru ya kulibeba. Njo maana makampuni mengi ya petroli yanaandika mupaka wa uzito wa bunda tangu siku ya kuagiza. Wanajua kwamba mashine yenye haiwezi kufunguliwa itakufa mapema.

Sasa tujiulize: kwenye muji wako, gru ya tani 20 iko? Kama haiko, itatoka wapi siku eshanjeri itaziba? Kiwanda kinaweza kufika salama, kikazinduliwa kwa ngoma, kisha kikasimama nyuma ya miaka miwili kwa kukosa mutambo wa kuvuta bunda moja la vifereji.

Kutoka bahari mupaka kwetu

Karibu mizigo yote mizito ya viwanda inaingia Afrika kwa meli. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19, upana wa mita 2.44 na urefu wa kwenda juu wa mita 2.59, na uzito wake wote hauruhusiwe kupita tani 30 na kitu. Mulango wa kontena la kawaida ni mudogo zaidi: karibu mita 2.3 tu kwa kwenda juu. Kila kitu chenye kuingia humo kinasafiri kwa bei ya watu wote. Chenye hakiingie kinaitwa muzigo usio wa kawaida, na bei inaruka.

Kutoka Mombasa mupaka Kasindi ni karibu kilomita 1,600 za barabara. Njiani kuna mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo RDC iliingia mwaka 2022, inaweka mupaka wa tani 56 kwa kamyo yenye ekseli 7, muzigo na gari pamoja. Gari lenyewe tupu, na tela lake, linaweza kula tani 17 mupaka 20. Kwa hiyo mashine yenyewe inabakiwa na tani 36 ao hivi. Ekseli moja yenye magurudumu ine hairuhusiwe kupita tani 10.

Kuna watu wanaona mizani kama mutego wa kukamua mashofere. Mara ingine inatumiwa hivyo, tusifiche. Lakini hesabu yenyewe ina sababu. Mainjinyeri wa barabara walipima tangu miaka ya 1950 huko Marekani, wakaona kwamba uharibifu haupande sawa na uzito: unapanda haraka zaidi. Ekseli ya tani 12 badala ya 10 inaharibu barabara karibu mara mbili. Ekseli ya tani 15 inaharibu karibu mara tano. Kamyo moja yenye kuzidisha inakula maisha ya barabara ambayo makamyo mengi halali yangeitumia.

Barabara ni jambo moja, daraja ni lingine

Kwa muzigo wa tani 80 ao 100 kuna ujanja: unauweka juu ya tela lenye ekseli nyingi, kumi, kumi na mbili ao zaidi. Kila ekseli inabeba kidogo, barabara haiumie. Ni sawa vile watu kumi wakibeba jeneza: hakuna bega lenye kuvunjika.

Lakini kama wale watu kumi wote wanasimama juu ya ubao mumoja juu ya muto, ubao unasikia uzito wote: watu pamoja na jeneza. Ndivyo daraja linavyosikia. Ekseli nyingi zinaokoa lami, hazitoshi kuokoa kilalo. Na kwenye barabara zetu za kitaifa, vilalo vingi ni vya chuma vya kufunga kwa bulo, vingine vya mbao, na pembeni kuna kibao chenye kuandikwa tani zenye daraja linaweza. Kati ya bandari na kiwanda kunaweza kuwa na madaraja mia moja mazuri. Lile moja baya ndilo lenye kuamua.

Wandugu wa Aru na Mahagi hawahitaji kuelezwa sana. Mwezi wa tano mwaka 2024, Uganda ilifunga daraja la Karuma kwa magari mazito. Daraja hilo juu ya muto Nile, kwenye barabara ya Kampala–Gulu, lilijengwa mwaka 1963, na sakafu yake ilikuwa imepasuka. Mwezi wa kenda lilifungwa kwa magari yote ili lirekebishwe, mupaka mwisho wa mwaka. Makamyo ya kwenda Arua, Sudan Kusini na Ituri yakalazimishwa kuzunguka. Hapo ni daraja moja tu, katika inchi yenye amani na yenye wakala wa barabara wenye kufanya kazi. Na ilikuwa mizigo ya kawaida: sabuni, simenti, mafuta. Sasa fikiria mashine ya tani 70.

Majirani walifanya nini?

Haihitaji kwenda mbali. Inje ya Kibuye, upande wa Rwanda wa Ziwa Kivu, kituo cha KivuWatt kinatoa gazi ya metani chini ya ziwa na kuzalisha megawati 26 tangu mwaka 2016. Jahazi lake la kuvuta gazi ni kubwa mno, na ziwa letu halina njia ya maji ya kufika baharini. Walifanyaje? Waliliunganisha kipande kwa kipande pale pale kwenye ukingo wa ziwa, kisha wakalisukuma ndani ya maji.

Upande wa Ziwa Albert, ngambo ya Ituri, Uganda inajenga vituo viwili vya kusafisha petroli: Tilenga, cha mapipa 190,000 kwa siku, na Kingfisher, cha mapipa 40,000. Petroli ya kule iko na nta. Ikipoa inaganda kama mafuta ya ngombe. Kwa hiyo kupasha joto si anasa, ni uhai wa kazi yote. Hata bomba la kilomita 1,443 la kwenda Tanga linapaswa kubaki na moto wa karibu digrii 50 njia yote. Mbele ya mashine hizo kufika, Uganda ilitengeneza mamia ya kilomita za lami kuelekea maeneo ya petroli, pamoja na uwanja wa ndege wa Hoima kwa mizigo. Mutu anaweza kuwa na maswali mengi juu ya petroli hiyo, kuhusu mashamba ya watu na mazingira. Lakini mupangilio ulikuwa wazi: barabara kwanza, mashine nyuma.

Historia yetu wenyewe inafundisha jambo hilo. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani mwaka 1913. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 67. Hakuna njia ya kuipitisha nzima. Wakaifungua, wakaitia ndani ya masanduku karibu 5,000, ikapita Dar es Salaam, ikapanda treni mupaka Kigoma, ikaunganishwa tena na kutiwa majini mwaka 1915. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na swali ni lile lile: kama njia ni nyembamba, utapanua njia ao utakata muzigo?

Kukata muzigo kuna bei yake

Jibu la haraka ni kukata. Badala ya eshanjeri moja ya tani 48, unaagiza ine za tani 12. Kila moja inapanda kamyo ya kawaida, inapita mizani, inavuka daraja. Tena kuna faida ingine: moja ikiziba, tatu zinaendelea kufanya kazi.

Lakini si bure. Mashine ine zinaomba vifuniko vine, misingi mine, mabomba na bulo mara ine, na kila maungio ni mahali pa kuvuja. Kiwanja kinakuwa kikubwa zaidi. Kiwanda chenye kujengwa hivyo kinatoka na bei ya juu kuliko kile cha pwani, mbele hata ya kuzalisha litre ya kwanza. Tofauti hiyo italipwa na nani? Na mununuzi wa chupa, wa sabuni, wa umeme. Daraja baya linalipwa sokoni, hata na mutu mwenye hajawahi kulivuka.

Kwa kazi zenye joto dogo, kuna njia nzuri zaidi. Viwanda vya maziwa na bia vinatumia eshanjeri ya sahani: mabati membamba ya chuma kisichoshika kutu, yenye kupangwa kama kurasa za kitabu na kukazwa kwa bulo. Unaweza kuifungua yote kwa ufunguo, ukasafisha sahani moja moja, ukaongeza zingine mwaka ujao kama kazi imeongezeka. Lakini kati ya sahani kuna mipira ya kuzuia kuvuja, na mipira hiyo haivumilie joto la kupita digrii 180 ao hivi, wala nguvu kubwa sana ya gazi. Kwa hiyo kwa shirika la wafugaji wa Masisi ao Minembwe lenye kuota kiwanda cha maziwa, barabara si kizuizi kikubwa kwa upande wa mashine. Kwa kiwanda kizito cha gazi ao cha asidi, pipa la chuma linabaki lazima.

Tofauti hiyo ni ya maana kwetu. Inaonyesha kwamba hatulazimishwe kungojea barabara zote zitengenezwe ndipo tuanze. Kuna viwanda vyenye vinaweza kuja sasa, kwa vipande vidogo. Na kuna vingine ambavyo, mutu akikuahidi bila kutaja madaraja, anakuuzia upepo.

Njia za maji na reli

Wengine watasema: tuna muto Kongo na maziwa makubwa, majini hakuna ekseli. Ni kweli, na ni hoja yenye nguvu. Jahazi linabeba tani mia bila kuharibu kitu. Shida ni pale maji yanapokatika. Muzigo wenye kuingia Matadi unapanda reli ao barabara mupaka Kinshasa, unashuka, unapanda jahazi mupaka Kisangani, unashuka tena kwa sababu ya maporomoko, unapita kilomita 125 mupaka Ubundu. Kila kushuka na kupanda kunaomba gru yenye kuweza kipande kile kizito. Gru moja ikikosekana, muto wote hausaidie. Vile vile kwa Kalemie: ziwa liko, reli iko, lakini nguvu ya bandari inapimwa kwa muzigo wenye gru yake inaweza kunyanyua.

Maswali ya kuuliza

Mwaka 2021 RDC na Uganda walianzisha kazi ya kutengeneza kilomita 223 za barabara: Kasindi–Beni, Beni–Butembo na Bunagana–Rutshuru–Goma. Kwenye Bunagana, vita ya mwaka 2022 ilisimamisha kazi. Mwaka huo huo serikali iliweka mnadani bloki tatu za gazi za Ziwa Kivu. Mambo haya mawili yalizungumzwa kama habari mbili tofauti. Kwa kweli ni habari moja: kwa mashine za gazi, njia ya kufika ziwani ni sehemu ya muradi wenyewe.

Kwa hiyo siku kiongozi ao kampuni itakuja kijijini, kwenye sheferi ao kwenye muji kutangaza kiwanda, shirika la raia na wakaaji wanaweza kuuliza maswali ine mepesi, yenye hayahitaji diploma ya injinyeri:

Kipande kizito kuliko vyote kina tani ngapi, na upana gani?

Kitapita njia gani, na daraja dhaifu kuliko yote kwenye njia hiyo linaweza tani ngapi?

Nani atalipa kuimarisha daraja hilo, na kama likivunjika, nani atalijenga tena, na kwa muda gani?

Siku mashine itaziba ao kuharibika, gru itatoka wapi?

Kampuni yenye kazi ya kweli ina majibu hayo kwenye karatasi, kwa sababu bila hayo haiwezi hata kuagiza mashine. Yenye haina, haijafika mbali kuliko jiwe la musingi.

Na swali la tatu lisiachwe nyuma. Kilalo kikivunjika chini ya muzigo wa kampuni, kampuni inapoteza mashine moja. Wakaaji wanapoteza njia ya hospitali, ya soko na ya masomo. Mama wa mihogo hakuwa na tani 60. Yeye alikuwa na kilo 40 mugongoni, na kesho yake ndiye mwenye kuvuka muto kwa miguu. Mukataba wenye kutaja faida ya kiwanda bila kutaja daraja lake umemusahau.